Mtandao wa Juu ya Jiwe

Chenge hakuwa mwizi, na tafadhali tusimwite hivyo. Mwizi huchukua. Chenge alikuwa anapewa. Watu wa Mwanza walimpa wenyewe, kwa mikono miwili, wengine wakamshukuru na kumsindikiza mpaka barabarani. Kama kuna kosa basi lilikuwa la ulimi wake, na ulimi alizaliwa nao.

Asubuhi hiyo alikuwa stesheneri ya Igogo, mahali alipopiga kambi kila siku, shingoni ana kitambulisho kilichoandikwa INJINIA WA MITANDAO. Kitambulisho chenyewe kilichapwa hapohapo stesheneri. Akaingia mama mtu mzima, kilemba kimekaa sawasawa, simu kaishika mbali na macho.

"Jamani, hili liwaifai langu litaniua kwa presha!" mama akalalamika, na hata aliye ng'ambo ya barabara akasikia. "Sebuleni lipo. Nikizunguka nyuma kwa wapangaji, halipo. Sasa nalipia nini kila mwezi?"

Chenge akasimama, akajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huo mtandao ni ule wa waya? Usio na kikomo?"

"Ndivyo walivyosema. Mimi najua nini? Naangalia ibada Jumapili, na mjukuu wangu akipiga namwona sura. Basi."

Chenge akameza mate. Mtandao usio na kikomo, mchana na usiku, unatumika kuangalia ibada! Dunia hii haina haki kabisa, akawaza, na uchungu alioupata moyoni ulikuwa wa kweli.

Lazima niseme hapa kwamba Chenge alikuwa na shida, tena kubwa. Alikuwa anampenda Queen, fundi cherehani wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, mpaka chakula kilikuwa hakipandi. Miaka miwili alikuwa akimwambia yeye ni injinia mwenye mtandao wake mwenyewe. Baba yake Queen, Mzee Ndalahwa, mfugaji asiyependa maneno mengi, alikubali kupokea posa Jumamosi ya wiki ya nne kutoka hapo, ila akatamka wazi kwamba binti yake hatolewi kwa mtu ambaye shughuli yake haionekani kwa macho. Na kama ilivyo desturi, kabla ya siku hiyo ukoo wa binti ungemtuma mtu kimyakimya akamchunguze kijana: anaishije, analewa, kwao kuna wazimu?

Desturi hiyo Chenge aliijua. Alikwishawanywesha soda majirani wote wa kule alikopanga, Mabatini, ili akitokea mgeni na maswali waseme kijana ni mpole, mcha Mungu, tena injinia. Jirani mmoja alidai na maandazi juu yake, akapewa. Upande huo ulikuwa umefungwa. Kilichobaki ni huo mtandao wa kuonekana kwa macho.

"Mama, una bahati wewe," akasema. "Twende nikauone."

Nyumba ya Mama Evelina, ndilo jina lake, ilijengwa kama zinavyojengwa nyumba za mlimani Igogo, yaani pale jiwe liliporuhusu. Mbele ilikuwa sebule, na ruta juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nyuma lilikaa jiwe lenye ukubwa wa basi. Nyuma ya jiwe vyumba vya wapangaji, na juu zaidi saluni ya Jasmin, banda la Okomo la kuonyeshea mpira, na nyumba za watu zinazopanda hadi kileleni. Mawimbi ya ruta hupenya ukuta wa tofali kwa taabu, lakini hupenya. Kwa jiwe la Mwanza hakuna mjadala.

Chenge akaliangalia jiwe, akaziangalia nyumba za juu, akaona kila kitu kimejipanga chenyewe. Mtandao wa mama ungepanda juu ya jiwe, ungeteremkia upande wa pili, na kule ungekuwa mtandao wa Chenge.

"Mama, kampuni yetu ina promosheni," akasema. "Antena ya juu ya jiwe, na hizi ripita, vidude vya kupokea mtandao na kuusukuma mbele. Vyote bure."

"Bure?"

"Bure kabisa. Umechaguliwa."

"Na vitakuwa vyangu?"

"Vyako, mama, mpaka wajukuu."

"Niandikie basi, mwanangu. Mimi nasahau sana siku hizi."

Akaandika. Akasaini. Muhuri alikuwa nao mfukoni, akapiga na muhuri. Jioni hiyo akaiuza pikipiki yake, akanunua antena, ripita tatu na waya, na hakusikitika hata kidogo.

Kesho yake akaanza kazi, na tumpe haki yake, kazi aliijua. Mama Evelina alivuta kiti karibu, akafungua daftari la shule, akashika kalamu.

"Nielekeze polepole. Nisife mjinga."

Mtu mwingine angemfukuza. Lakini Chenge akipata msikilizaji hajizuii, na bibi mwenye daftari alimfurahisha mno. Akamwonyesha namba za kuingilia kwenye mipangilio na kibandiko cha chini ya ruta chenye neno la siri la kiwandani. Akaeleza kwa nini chaneli ya sita imejaa watu wa mtaa na yeye anahamia ya kumi na moja. Akaeleza jinsi ripita zinavyoaminishwa kwa ruta, na jinsi mtandao mmoja unavyogawanywa kuwa miwili: wa familia na wa wageni. Kila hatua ilikuwa na hotuba yake.

"Huu wa familia ni wako," akasema, huku akiubana hadi ubaki kama bomba la maji wiki ya mgao. "Huu wa wageni usiuguse. Una virusi."

Mama Evelina akaandika: wageni, virusi.

"Na neno jipya la kuingilia humu ndani?"

"Hilo la kitaalamu, mama. Ni kwa usalama wako."

"Haya, baba." Akafunga daftari.

Mtandao wa wageni ukaitwa CHENGE NET. Ukaruka jiwe, ukapokelewa na ripita ya saluni, ukasukumwa kwa Okomo, ukapanda mlima. Ndani ya wiki mbili nyumba kumi na nne zilikuwa zinamlipa Chenge, na kila mwisho wa juma aliwapa neno jipya la siri. Akapanda juu ya jiwe, akajipiga picha na antena, akamtumia Queen: "Mnara wangu, mpenzi." Queen akamwonyesha baba. Mzee Ndalahwa akaitazama picha muda mrefu, akasema, "Unaonekana."

Mama Evelina alilalamika mara moja tu kwamba ibada inakwamakwama. Chenge akamwambia ni mawingu ya ziwani, mama akashukuru kwa elimu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya posa, mechi ikiwa dakika ya kumi, Okomo akapiga simu.

"Injinia! Mtandao umekufa! Watu wanainua viti!"

Chenge akakimbia kupanda mlima kwa miguu, maana pikipiki hana. Akafungua simu chini ya jiwe. CHENGE NET haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mtandao mwingine, unavuta vizuri kabisa, na jina lake ni ULIZA KWA MAMA EVELINA.

Akajaribu kuingia kwenye mipangilio kwa neno lake la kitaalamu. Likakataliwa. Akajaribu tena kwa herufi kubwa. Likakataliwa. Okomo akapita anateremka, anacheka.

"Usijali, ngosha, tumeshaunganishwa. Bi mkubwa katupa neno la siri, na bei kashusha."

Chenge aliingia sebuleni bila hodi. Mama Evelina alikuwa anaangalia marudio ya ibada, picha safi, haikwami.

"Karibu, mwanangu. Chai?"

"Mama, nani amegusa ruta?"

"Mimi. Nyuma kuna katundu kadogo. Nikatia sindano, nikahesabu mpaka ishirini. Likasahau kila kitu, hata wewe. Kisha nikafungua daftari langu."

"Ukafanya yote hayo peke yako?"

"Ulieleza vizuri sana. Na mimi miaka thelathini nilikuwa opereta wa simu, nikiunganisha laini za Kanda ya Ziwa yote kwa mkono. Hili lenu ni lilelile, ila halina waya za kumnyonga mtu."

"Mama, lakini huu ni wizi!"

"Wizi wa nini?"

"Wa mtandao!"

"Wa nani?"

Chenge akaona mlango huo umefungwa.  Akajaribu upande mwingine.

"Basi nipe vifaa vyangu. Niliuza pikipiki, mama."

"Vifaa vya promosheni?" Mama Evelina akachomoa karatasi ndani ya daftari. "Hiyo hapo saini yako. Na muhuri."

Akanywa chai, kwa sababu hakuwa na la kufanya lingine. Chai ilikuwa na tangawizi, nayo haikumsaidia. Pikipiki imekwenda, mtandao umekwenda, na Jumamosi anatakiwa mbele ya Mzee Ndalahwa na shughuli inayoonekana. Aliondoka anatembea kama mtu anayetoka kuzika. Hakulia, lakini alikuwa karibu.

Jumamosi ikafika. Mshenga alikuwa baba yake mdogo, Machibya, mzee aliyevaa koti zito kwenye jua la Busisi, ambaye ndiye aliyemfundisha Chenge kuongea. Njiani alimpa moyo: "Picha ya mnara waliiona. Wewe tabasamu, mengine niachie."

Wakakaribishwa, wakaketi, soda zikafunguliwa. Wazee wa ukoo wakaingia mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mama mtu mzima, kilemba kimekaa sawasawa. Chenge akainua chupa ya soda, akajificha nyuma yake.

"Huyu ni dada yangu Evelina," Mzee Ndalahwa akasema. "Shangazi yake Queen. Anaishi huko Igogo, ndiyo maana tulimtuma yeye akamwangalie kijana. Ameshatuletea habari. Lakini kabla sijazisema, nataka kusikia kwa mdomo wa kijana mwenyewe. Injinia, dada yangu ulimfanyia kazi gani?"

Majirani wa Mabatini! Soda zote zile! Na yale maandazi! Chenge akamtazama Mama Evelina. Mama akamkazia macho na kutikisa kichwa taratibu, kushoto, kulia.

Chenge alikielewa hicho kichwa. Usithubutu kudanganya, nimeshasema yote. Akamtazama Queen aliyesimama mlangoni, vidole vimeng'ang'ania khanga. Akaona heri aaibike kwa mdomo wake mwenyewe kuliko kuaibishwa.

"Mzee, mimi si injinia," akasema. Machibya akapaliwa na soda. "Kitambulisho nilichapa stesheneri. Kwa shangazi nilikwenda kumwibia. Nilimwambia vifaa ni vya promosheni, nikaubana mtandao wake, nikauza kwa majirani kwa jina langu. Mnara mliouona kwenye picha ni antena juu ya jiwe lake. Kilicho cha kweli ni kwamba fundi ni fundi, kazi naijua. Na Queen nampenda. Hilo sijawahi kudanganya hata siku moja."

 Mbuzi mmoja akalia nje.

"Mjinga wewe!" Mama Evelina akalipuka. "Tangu jana nimewaambia ni kijana mwema, kanijengea mtandao kwa moyo wake! Nakutikisia kichwa unyamaze, wewe unatoa ushuhuda!"

Mzee Ndalahwa akageuka polepole.

"Kwa hiyo dada, ulijua?"

Mama Evelina akashughulika na kilemba.

"Na vifaa vya kijana vimebaki kwa nani?"

"Karatasi ninayo," akasema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

Wazee wakatoka nje kuteta. Walikaa huko muda ambao Chenge aliuhesabu kama mwaka. Waliporudi, Mzee Ndalahwa hakukaa.

"Juu ya mahari, ng'ombe wawili wa faini. Mmoja kwa uongo wa kijana, mmoja kwa ukimya wa dada yangu. Dada hana zizi, kwa hiyo wote atalipa kijana. Na kwa kuwa dada amekula vifaa, mtandao wa jiwe mtagawana nusu kwa nusu, kijana akiwa fundi wake, mpaka tutakapoona amenyooka. Hiyo ni shughuli, na naiona. Queen, sasa sema wewe."

Queen akaingia mpaka katikati ya nyumba. Alikuwa amekasirika na macho yana machozi.

"Miaka miwili nimeongea na injinia," akasema. "Huyo simtaki, arudi stesheneri alikotoka. Huyu aliyeongea leo namtaka."

Vigelegele vikapigwa, na wa kwanza kupiga alikuwa Mama Evelina, labda kwa furaha, labda kwa kuwa nusu ilikuwa imebaki kwake.

Jioni, wakiwa katikati ya daraja la ziwani kurudi Mwanza kupitia Kigongo, Machibya alikuwa bado na koti lake zito. Ghafla akalivua.

"Nani alikuuliza?"

"Mzee aliuliza, baba."

"Nimekulea, nimekufundisha. Uongo wako wote wa miaka kumi haujawahi kutugharimu hata kuku. Umesema ukweli dakika tano, ng'ombe wawili!"

"Tutalipa, baba," akasema Chenge, na alikuwa anacheka peke yake.