Rebeka wa Mikumi na Nguzo ya Rangi Mbichi

Sogeeni, enyi mtafunao karanga, tupeni maganda mkae kitako! Nawahadithia kazi nzito ya Rebeka binti Lukasi, fahari ya Mikumi, mchomaji wa nyaya na wa vidole vyake mwenyewe, aliyeunda chombo cha mota cha kukwea nguzo, akakipeleka Kilosa kwenye mashindano ya wahandisi chipukizi.

Kilikuwa na mota ya waipa ya lori, betri ya pikipiki, na magurudumu manne ya kuikumbatia nguzo. Na nyuma ya Rebeka kulikuwa na kiapo cha mama yake, Marselina mwenye sauti ya king'ora: "Kisipofika juu, chuo cha ufundi basi! Utakwenda Zombo kwa shangazi yako ukajifunze kushona." Na Rebeka aliichukia sindano kwa moyo wake wote.

Siku ikawadia. Lakini waandaaji, kwa heshima ya mgeni rasmi, walikuwa wamefanya kama ilivyo ada: wamepaka rangi kila kilichosimama. Mawe, mashina ya miti, mapipa ya taka, na nguzo yenyewe ya kukwea, yenye kengele kileleni, kijani kibichi cha asubuhi ileile.

Rebeka akakituma chombo vitani. Kikanguruma, kikakwea kimo cha mbuzi, kikateleza hadi chini kikiirushia rangi safu yote ya mbele. Shati jeupe la mgeni rasmi likaota madoa. Machozi yakamlenga shujaa.

"Enyi magurudumu maoga!" akanena, akijifuta uso na kuuzidishia kijani. "Mwashindwa na kopo moja la rangi? Nimewalisha grisi, mimi mwenyewe nikikosa mafuta ya kujipaka!"

Akamkimbilia Abubakari, bodaboda aliyemleta, ambaye tenga lake la kuku lilifungwa kwenye keria kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

"Kaka Abu, naomba huo mpira."

"Na kuku wangu?"

"Wataingia katika historia."

"Mimi nilitaka waingie sokoni," akasema, ila akafungua. Tenga likaanguka, kuku wakatawanyika katikati ya viti vya wageni.

Rebeka akaukata mpira vipande, akayavika magurudumu. Waamuzi wakampa jaribio la mwisho. Chombo kikang'ata nguzo, kikapanda kikilalamika, kikapanda tena, hata kikaigonga kengele ya kileleni. Kilosa nzima ikalipuka kwa vigelegele!

Mgeni rasmi akasimama na madoa yake. "Wananchi! Nimezindua visima, nimezindua vyoo, lakini sijawahi kupakwa rangi na mshindi. Leo ni siku kuu katika historia ya wilaya hii!"

"Shikamoo, mheshimiwa. Samahani kwa shati."

"Marahaba, binti. Utalifua."

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Kimepanda?"

"Kimepanda, mama! Nimeshinda!"

Kikatoka kigelegele kilichotaka kupasua simu. "Basi baki chuoni, mwanangu. Kilete nyumbani majirani wakione!"

Shujaa akatazama kileleni, alikonasa mshindi wake. Habari za kushuka hakuwa amezifikiria.

"Kitakuja, mama," akasema. "Tunatafuta mtu wa kupanda."