Mgongo Wangu na wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo umenikatika. Si kwa gunia, si kwa cherehani: niliinama kuokota kifungo! Miaka ishirini ya ufundi nguo, naangushwa na kifungo cha shati. Mke wangu alicheka, akaona sicheki, akanishika. Nimeamua: kitandani wiki mbili, chakula kiletwe. Isitoshe, Jumamosi nilitakiwa kupaka rangi chumba cha mama mkwe. Kufa kufaana.

Jumanne, 4 Machi

Nimepelekwa kwa daktari wa mazoezi ya viungo. Binti mdogo, vidole vya chuma. Kanibonyeza weee, kasema hakuna kilichovunjika, mgongo si glasi, na kitanda ndicho kitakachozidi kuukaza. Nitembee dakika kumi mara tatu kwa siku. Nilale chali, nikunje magoti, niinue kiuno. Nisikae kwenye cherehani zaidi ya nusu saa bila kusimama. Nikaomba sindano. Akasema sindano yangu ni miguu yangu. Akanipa karatasi ya kutia tiki kila siku. Mama mkwe, aliyekuja kunisindikiza tu, akasema mgongo wake unamsumbua tangu enzi, akaomba karatasi yake. Kimbelembele!

Jumatano, 5 Machi

Nimetia tiki za wiki nzima kwa mpigo mmoja. Kalamu tatu tofauti, ionekane kweli. Mama mkwe yuko chali mkekani, sebuleni, anahesabu kwa sauti. Miaka sabini na mbili! Mimi nilale chali mbele ya mkwe? Heshima iko wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda "kutembea". Nimekaa kwa kinyozi dakika kumi, nikamwomba aninyunyizie maji usoni. Jasho hilo! Mara mama mkwe akapita dirishani, mwendo wa askari. Akanisalimu kwa adabu, akapita. Nyumbani akaniletea taulo nijifute jasho. Afadhali angenisema.

Ijumaa, 7 Machi

Siwezi kuvaa soksi. Mke wangu kanivalisha, huku akiuliza kwa upole imekuwaje nimeshafanya mazoezi ya Jumapili. Kisha akageuka, nikaona anafuta macho. Anamkumbuka baba yangu. Aliumwa mgongo, akalala, akazoea kulala, hakuinuka tena. Nami namkumbuka. Nikijaribu nikashindwa, je?

Mama mkwe akabisha hodi. "Baba, nitoe nje kidogo, peke yangu naogopa."

Muongo mkubwa! Tukaenda, kanishika mkono. Majirani wakanisifu kwa kumwongoza mzee. Kumbe yeye ndiye mkongojo wangu. Kwenye kona ya tatu maumivu yalilegea. Sikumwambia. Alijua.

Jumatatu, 10 Machi

Siku tatu za mazoezi ya kweli. Nimevaa soksi mwenyewe, zote mbili! Daktari kasema sasa niinue chupa ya maji ya lita mbili, kisha niongeze polepole. Polepole! Chupa ikiponya kidogo, cherehani nzima itaponya kabisa. Hesabu rahisi.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa sakafuni, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Cherehani iko salama. Mke wangu kanifunika shuka, kanibusu kwenye paji la uso, kaniita jina la mnyama fulani. Mama mkwe kaleta mkeka, kalala chali kando yangu.

"Tuanze upya, baba. Moja."

Heshima imekwisha. Nikahesabu. Tulipopumzika nikalichunguza kosa langu kwa makini, na nimeligundua: nilitanguliza mkono wa kushoto. Kesho ni kulia tu.