Mawaridi ya Mzee Bartholomayo

Jumapili, 2 Oktoba 1994
Nimejitosa! Baada ya misa nimemwamkia Mama Hildegardi, mama yake Mektilda, nikamwahidi kwamba Siku ya Marehemu, mwezi ujao, kaburi la mumewe, Mzee Bartholomayo, litakuwa na mawaridi. Mawaridi hai! Kisa ni Placidi wa duka jipya. Amemwahidi maua ya plastiki kutoka Dar. Tangu biashara iwe huria, huyu bwana anadhani hata huzuni inanunuliwa dukani. Mimi na yeye sote tumepeleka posa kwa Mektilda. Mama hajamjibu yeyote.

Jumanne, 4 Oktoba
Misheni wamenipa vipande vya waridi walivyopogoa. Nimevichomeka kaburini na kuvijengea kichanja cha nyasi kuzuia jua. Nguzo nimekata mbono, mti wa uzio tu, ndio uliokuwa karibu. Mektilda akapita na ndoo yake, akasema nimwagilie kisha niviache. Ananifundisha mimi, niliyezaliwa kwenye shamba la ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani!

Jumatatu, 10 Oktoba
Nimeng'oa kimoja kuangalia mizizi. Bado. Nimekirudisha. Nikang'oa na vingine, nisionekane nakionea kile.

Alhamisi, 20 Oktoba
Nang'oa kila asubuhi, kwa upole kabisa. Mizizi hakuna! Hii ni husuda ya Placidi. Mektilda kaniuliza kama ningependa kuamshwa kila saa niulizwe kama nimelala. Nikamjibu hajui kilimo cha kisasa. Akacheka. Nimefurahi mpaka nimesahau kumwagilia.

Jumapili, 30 Oktoba
Vyote vimekufa. Nampenda Mektilda, na mama yake nimemwahidi mbele ya watu. Mpango mpya: nitaomba misheni mawaridi yaliyokwishachanua, niyachomeke ardhini. Nani atajua?

Jumatano, 2 Novemba
Aibu! Mpaka Padre anafika kaburini, jua limeyalaza mawaridi yangu yote. Aliponyunyiza maji ya baraka, moja likaanguka. Placidi akakohoa. Ya kwake yanang'aa! Mama akayapokea, akasema ni mazuri mno kuachwa juani, atayaweka sebuleni juu ya redio. Nikajua nimekwisha.
Kisha akashika nguzo za kichanja changu. Zimechipua! Majani mabichi, zote! Mama akalia. Akasema kaburi la baba mkwe wake lina mbono pembe zote, kama desturi ya zamani, na tangu msiba alikuwa akiumia kuona la mumewe liko wazi. Akaniuliza nimeziotesha vipi. Nikasema ni utaalamu. Mektilda akasema zimeota kwa kuwa ndizo pekee ambazo sikuzing'oa.

Alhamisi, 3 Novemba
Mama ameniita. Placidi amerudishiwa posa yake, maua yamebaki. Posa yangu wazee wataikalia kikao, jibu ni baada ya Krismasi. Akanisihi nitulie nyumbani, nisisumbue mtu. Nimekubali kwa moyo wote. Somo limeniingia: kinachoachwa ndicho kinachoota.
Jioni nimepita kwake mara moja tu, kumwuliza kama wameshaanza kuikalia. Bado. Kesho nitapita asubuhi.