Beji ya Mdau Aliyeathirika

Jumatatu, 3 Machi 2025

Aibu. Aibu tupu. Udongo wangu ni safi.

Majibu ya vipimo vya udongo yametangazwa leo kwa chifu, mbele ya kijiji kizima. Mradi wa kusafisha lile shimo la taka la kiwanda cha ngozi kilichofungwa unapangwa upya. Ule wa kwanza ulikuja, ukachimba kidogo, ukafunika, ukapiga picha, ukaondoka. Mvua ikanyesha, tope la bluu likarudi juu. Sasa wakubwa wamegundua kwamba hawakutuuliza sisi wenyeji kitu. Safari hii kutakuwa na kamati ya wadau. Nikakaa wima kwenye kiti. Kama kuna mtu aliyezaliwa kuwa mdau, ni mimi, Bartholomew.

Kumbe kuna masharti! Wanaoingia ni wale tu ambao mashamba yao yamepatikana na sumu. Madam Sucdi, mpimaji wa udongo, akasoma majina. Levi, jirani yangu: sumu. Akasimama akapungia watu mkono utadhani ameshinda udiwani. Akafika kwangu, akasema hongera mzee, kwako hakuna kitu, hata kisima ni safi, watu waendelee tu kuchota.

Hongera! Kavutha mke wangu akapiga vigelegele. Yeye ana bustani yake ya sukuma na nyanya, na mtaa wote huchota maji kwetu. Alicheza mpaka lesso ikaanguka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, hiyo hiyo safi.

Alhamisi, 6 Machi

Levi amepewa beji. Ya plastiki, kamba ya kijani, imeandikwa MDAU ALIYEATHIRIKA. Anaivaa akienda kusaga mahindi. Anaivaa akikamua ng'ombe. Leo amenisimamisha njiani akaniuliza nina maoni gani kuhusu udongo, eti ayafikishe mbele. Maoni yangu! Ayafikishe yeye! Nilimwambia sina maoni, nina haraka.

Nikaenda kwa Madam Sucdi kukata rufaa. Nikamwambia harufu hufika kwangu upepo ukigeuka. Nikamwambia hata roho yangu imeathirika. Akacheka kwa adabu, akasema nimshukuru Mungu, kuna watu wangelia kwa furaha kupata shida kama yangu. Nikauliza, kwa kujua tu, kama udongo unaweza kubadilika. Akasema mvua zikianza lolote linawezekana, na mtu akilalamika atapimiwa tena.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili, 9 Machi

Tumbo limeniuma ghafla wakati wa kwenda kanisani. Kavutha alitaka kubaki anipikie uji. Nikamsihi asimnyime Mungu haki yake kwa sababu ya tumbo langu. Akaenda, akasema ataniombea.

Nikachukua wilbaro. Watu wote kanisani, nyimbo zinasikika hadi shimoni. Waya wa mradi wa kwanza uliibwa kitambo, kwa hivyo hata mlango wa kufungua hakuna. Tope lenyewe zuri, bluu kabisa, linanuka mpaka machozi yanatoka. Nikajaza. Nikapandisha mlima mpaka kwangu. Nikarudi nikajaza tena. Nimelimwaga kwenye kona ya juu ya shamba nikalichanganya na jembe, kazi safi. Kona ndogo tu! Sumu kidogo ya kuombea beji. Nikishaingia kwenye kamati nitahakikisha kona yangu inasafishwa ya kwanza kabisa. Mpango hauna kasoro.

Kavutha amerudi akauliza mbona natoka jasho hivi. Nimesema ni homa. Ameniwekea kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, halafu akanipa kikombe ninywe. Maji ya kisima chetu. Matamu, aki.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua! Mungu yuko upande wangu. Nimeshapeleka malalamiko rasmi. Madam Sucdi atakuja wiki ijayo.

Kuna kitu kidogo tu kinanisumbua. Kona ya juu iko juu. Na maji huteremka. Asubuhi kuku wa Kavutha walikuwa na miguu ya bluu. Nimewafungia haraka nikamwambia Kavutha kuna kideri kijijini, ule ugonjwa wa kuku.

Jumatano, 19 Machi

Nimepatikana na sumu!

Madam Sucdi alipima, akapima tena. Akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kuona sumu ikipanda mlima. Nikamwambia dunia ina mambo. Akasema si kona peke yake, ni shamba lote, na kisima pia. Kisima? Kisima hakikuwa kwenye mpango wangu!

Kavutha alikaa chini palepale kwenye matope akaanza kupangusa majani ya sukuma kwa lesso, moja baada ya lingine, na matope yanarudi. Akina mama waliokuwa wamekuja kuchota walisimama langoni wakimtazama, kisha wakageuka na mitungi mitupu. Nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilitaka kusema, hata mdomo ulikuwa umefunguka. Halafu Madam Sucdi akatoa beji kwenye mkoba.

Inanipendeza. Kamba yake ni mpya kuliko ya Levi.

Jumatatu, 24 Machi

Kikao cha kwanza cha kamati. Chai, mandazi, viti vyenye mto. Nilikaa mkabala na Levi ili aione beji yangu vizuri.

Tulikuwa na mapendekezo mawili ya kurekebisha mradi, na sisi wadau ndio wa kuamua. Yalisomwa, lakini beji yangu ilikuwa ikigeuka nyuma kila nikipumua, kwa hivyo nilikuwa na kazi. Nilichosikia ni Levi. Alisimama akaongea vizuri mno, mshenzi, mpaka akapigiwa makofi. Akamaliza kwa kusema anaunga mkono pendekezo la kwanza. Kura zikapigwa zikatoshana. Ikabaki yangu. Chumba kizima kikanigeukia. Maisha yangu yote nimengoja chumba kizima kinigeukie!

Nikainua mkono kwa pendekezo la pili. Levi akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nioe.

Tukitoka, nikamuuliza Madam Sucdi anikumbushe kwa kifupi tumepitisha nini. Akaniangalia sana. Akasema la kwanza lilikuwa watu wabaki majumbani mwao huku udongo ukisafishwa kipande kwa kipande. La pili, lililopita, ni kwamba mashamba yote yenye sumu yazungushiwe waya, visima vizibwe, na wenyewe wahame mpaka ardhi ipone. Nikauliza ardhi hupona lini. Akasema inategemea, labda wajukuu zangu watairudia.

Mandazi yalikuwa yamebaki mengi. Sikuweza kula.

Ijumaa, 4 Aprili

Waya umefika. Wameanza na kwangu, kwa heshima ya mwanakamati. Kisima kimemwagiwa zege. Bibi mmoja alikuja na mtungi, hakuwa amesikia, akasimama hapo akiuliza sasa aende wapi. Mimi ndiye mdau, nikageuka kurekebisha beji yangu.

Levi amehamia kwa kaka yake, kule Kithimani. Alinipita bila salamu. Beji yake ameiacha ikining'inia kwenye waya.

Sisi tunaenda Kathiani, kwao Kavutha. Hakuna kwingine. Alikuwa akifunga vyombo, akavuta wilbaro apakie magodoro, akaipindua kumwaga maji ya mvua. Tope la bluu limekauka ndani kwenye kona, gurudumu nalo bluu. Aliangalia wilbaro. Akaniangalia mimi. Akaniuliza ile Jumapili tumbo lilikuwa limeniuma upande gani. Nikasema kushoto. Akasema yeye alikuwa ameniombea mpaka akalia.

Hakuongea tena mpaka Kathiani. Wueh! Heri angenipiga.

Jumapili, 13 Aprili

Mwanamume kuhamia kwa wakwe zake! Ukambani hii! Na mama mkwe wangu Mwelu ni wa zamani, anashika mila zote. Mkwe na mama mkwe hawakutani njiani, hawali pamoja, hawaangaliani usoni. Kwa hivyo nalala kwenye ghala la mahindi, na akitokea huku mimi natokea kule. Nimejificha nyuma ya choo. Nimejificha nyuma ya ng'ombe. Jana alikuja kupalilia maharagwe nikiwa katikati ya shamba, ikabidi nilale kwenye mtaro mpaka amalize. Alijua niko pale. Alipalilia polepole, akiimba.

Kavutha amepanda sukuma nyuma ya jikoni. Chakula ananitumia. Salamu hanitumii. Kitu kimoja tu kizuri hapa: mama mkwe ana chemchemi chini ya shamba, haijawahi kukauka hata wakati wa ukame mkubwa. Kijiji chote huchota hapo. Kavutha hukaa hapo jioni na akina mama, na jana nilimsikia akicheka, kwa mara ya kwanza tangu tuhame. Nilisikiliza kutoka kwenye mahindi. Nilikaribia kulia. Nimeapa sitafanya upumbavu tena maisha yangu yote.

Leo baada ya ibada naibu chifu ametoa tangazo. Kuna mradi wa kufufua chemchemi. Ule wa kwanza haukufaulu kwa sababu hawakushirikisha wadau. Sasa kutakuwa na kamati. Kila boma lililoathirika litatoa mtu mmoja. Ila ni wale tu ambao chemchemi zao zimekauka.

Beji zake ni za chuma.

Nimemwomba shemeji jembe. Nimemwambia nimechoka kukaa bure, nataka kutengeneza kidogo kule chini kwenye maji. Kavutha alikuwa mlangoni, akasikia. Amenitabasamia. Ameniletea jembe yeye mwenyewe.