Wateja wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kumuuguza mama yake. Anarudi Jumamosi. Mlangoni akageuka, akasema akirudi akakuta mradi wangu mwingine humu ndani, hata begi hatalitua. Bado ana kinyongo na ule uyoga niliootesha bafuni mwaka jana. Nikamwambia aende salama. Sikuahidi chochote, na hilo alipaswa kuligundua mwenyewe.

Tatizo ni shemeji, kaka yake. Kabandika karatasi za maua kwenye kuta za nyumba yake, na sasa mke wangu hamalizi mlo bila kuzitaja. Lakini dawa yake nimeipata. Yale maduka ya zamani nyuma ya stendi yanabomolewa. Nimempa mbomoaji redio yangu, kanipa mabango mawili yaliyochorwa kwa mkono. Moja KINYOZI WA KISASA, na kichwa cha kijana aliyechana nywele upande. La pili FUNDI SAA, SUBIRI UCHUKUE. Kwenye majarida watu wa maana wanapamba nyumba hivi. Shemeji atapasuka.

Kasoro moja tu. Kila bango lina mstari mweupe wa rangi, kutoka kona hadi kona. Uharibifu mtupu. Kesho nausafisha.

Jumanne, 4 Machi

Mafuta ya taa, tambara, mgongo umekufa ganzi. Mistari imetoka! Kinyozi yuko juu ya sofa, Fundi Saa juu ya kabati la vyombo. Nimekaa nikayatazama hadi chai ikapoa.

Saa nane mchana mlango ukabishwa. Mwanamume wa makamo, suruali ya bugaluu, anauliza kama kinyozi yupo. Mapazia nilikuwa nimeyafunga, bango liko ndani, sasa kaliona wapi? Nikamjibu kama mtu yeyote anavyojibu: ametoka kidogo. Akasema basi atamsubiri, akapita, akaketi. Nikampa maji. Saa kumi na moja bado yupo, glasi haijapungua. Nikaenda jikoni, niliporudi hakuna mtu. Komeo la mlango lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Nimeamua kutolifikiria.

Jumatano, 5 Machi

Leo wanne. Wa bugaluu, wazee wawili, na mama mmoja aliyeshika saa ya mkononi na kuiweka sikioni kila baada ya muda. Ananiuliza fundi harudi tu? Nikamwambia yuko njiani. Ningesema nini?

Hawana fujo. Wanakaa, wananong'ona kuhusu mvua. Wameketi wote wanne kwenye sofa ya watu watatu na mito haikubonyea hata kidogo. Walipoondoka nikafagia. Nywele, beleshi zima la taka limejaa. Hakuna aliyenyolewa.

Nimeogopa. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amekuja kunichungulia, kwa kisingizio cha kurudisha ngazi. Wateja sita ndani. Nikamwambia ni marafiki wa sanaa. Akacheka, akaketi, akaanza kuzisifu karatasi zake za maua.

Kisha akamwona kijana wa mwisho kwenye benchi la viatu. Nywele nyingi, zimesimama, na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Shemeji ana kovu hilohilo, ila kichwa chake ni kipara tangu siku ya harusi yetu. Akajipapasa utosi. Akaniuliza taratibu kijana yule ni wa nani. Nikasema anamsubiri kinyozi. Ameondoka bila kumaliza chai, na ngazi kaondoka nayo.

Kusema kweli nilifurahi kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho mke wangu anarudi. Nimemtafuta mzee aliyechora mabango yale. Anakaa mtaa wa pili, ua umejaa makopo na mabango yaliyoegemezwa ukutani. Alikuwa anakula, hakunikaribisha. Nilipomweleza akaacha kutafuna, akauliza ni mjinga gani aliyefuta mstari wake.

Anasema duka likifungwa, mchoraji huitwa mara ya mwisho kupiga mstari juu ya bango, ili wateja wajue wasije. Ukiufuta, umefungua duka. Na bango halijui kalenda. Watakuja vilevile walivyokuwa duka likiwa wazi, awe marehemu, awe mzima anayedunda. Kisha akaniuliza kama niliwaambia mwenye duka ametoka kidogo. Nikakiri. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kanipa kopo la rangi nyeupe na brashi. Nimepiga mistari jioni hii. Ila nimeipiga nyuma ya mabango, upande wa ukutani. Mbele ingeharibu sura yote.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja saa sita mchana. Sebuleni watu kumi na mmoja. Mke wangu akasimama mlangoni na begi lake mkononi. Wa bugaluu akamuuliza kwa adabu kama yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Akanitazama. Akasema, afadhali uyoga.

Begi hakulitua. Nilimkimbilia na ndala hadi kwenye kona, nikamwita, hakugeuka. Pale kwenye kona nililia, mwuza vocha akajifanya anahesabu vocha zake.

Jumapili, 9 Machi

Nimepiga mistari mbele. Minene. Mama wa saa alikuwa katikati ya neno, akaishia hapo. Nyumba imekuwa kimya kabisa. Nimemimina chai vikombe viwili kwa mazoea, kisha nikavitazama. Nimempigia mke wangu simu mara kumi na moja, hapokei. Nyumba hii bila yeye siiwezi.

Jumatatu, 10 Machi

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki.

Kwenye ua wa mchoraji niliona bango jingine: KIPEPEO, MSHONAJI WA NGUO ZA KIKE. Mke wangu alishonewa huko nguo zote za usichana wake, kabla hatujajuana. Yumo kwenye albamu na gauni la njano lenye kipepeo kwenye kola. Kama bango linaita wateja, basi liniitie wangu. Atakuja kwa miguu yake, bila mimi kubembeleza.

Mchoraji hakuwepo. Nimemwachia pasi yetu na kikaratasi cha shukrani, nikalichukua. Alisema kitu Ijumaa kuhusu wateja na kalenda, sikikumbuki vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Mafuta ya taa asubuhi. Saa sita bango liko ukutani. Saa sita na robo mlango ukabishwa.

Ni yeye. Kitambaa cha njano kwapani. Miaka ishirini, haizidi. Mkononi hana lile kovu alilolipata kwenye jiko nililolibuni mwenyewe. Akapiga goti kidogo, akaniamkia: shikamoo mzee. Akauliza kama mshonaji yupo.

Nikamwambia ametoka kidogo.

Akaketi. Mto haukubonyea. Nikamtania kuhusu rangi ya kitambaa, akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya zamani. Sijamsikia akicheka hivyo miaka mingi. Huyu hajui habari za uyoga. Hajui lolote.

Ndipo simu ikaita. Mke wangu. Yuko stendi na begi lake, amenisamehe, baada ya saa moja atakuwa nyumbani. Anataka neno moja tu la kweli kutoka kwangu, basi yaishe: kuna mtu humo ndani?

Kopo la rangi lilikuwa miguuni pangu, brashi imo ndani yake. Kazi ya dakika moja. Nikatazama sofa. Alikuwa anakunjua kitambaa chake magotini, ananisubiri nimalize simu.

Nikasema hakuna mtu.

Nina saa moja. Kwenye ua wa mchoraji niliona na bango la NYUMBA YA WAGENI, VYUMBA VIPO. Nikilitundika, nitasema huyu ni mgeni aliyekodi chumba. Nikikimbia nalipata, na mafuta ya taa yamebaki nusu chupa.