Nafasi Moja ya Kwenda Guatemala

Jumapili, 5 Mei

Nafasi imepatikana! Bi. Eunice Tharp kateleza bafuni, kavunjika kifundo cha mguu. Nimemwombea. Nimemwombea apone taratibu, asikimbizane na mifupa. Timu ya misheni ya kanisa letu sasa ina watu kumi na mmoja na kiti kimoja kitupu. Siku kumi Guatemala. Kupaka rangi shule, kufundisha watoto Biblia kwa vikaragosi vya kuvaa mkononi. Na mkuu wa vikaragosi ni nani? Nadine Prewitt!

Niseme ukweli humu, maana hakuna anayesoma. Guatemala siijui hata iko upande gani wa ramani. Ninachokijua ni shingo ya Nadine. Miaka minne nimeketi nyuma yake kwenye kwaya na sijawahi kumwambia zaidi ya kumuuliza tuko ukurasa wa ngapi. Yeye mjane, mimi mgane. Lakini hapa Mill Fork kila dirisha lina macho. Ukimsindikiza mjane hadi garini, kufika Jumatatu nusu ya Alabama imeshawafungisha ndoa. Ugenini ni kitu kingine. Namtaka sana yule mama, Mungu anisamehe. Nimechoka kula mbele ya televisheni.

Kikwazo: Dewey Stallings naye ameinua mkono. Mchungaji Garland kasema tarehe kumi na tisa kila mmoja atatoa ushuhuda mbele ya kanisa, dakika tano, jinsi alivyookoka. Huko ng'ambo ndiyo itakuwa kazi yetu kila jioni. Atakayegusa mioyo ndiye atakayekwenda.

Jumatatu, 6 Mei

Nimelinganisha. Ushuhuda wa Dewey: aliiba lori, akafungwa miaka miwili, ana mchoro wa nyoka mkononi, akaokoka ndani ya selo huku mvua inanyesha. Mvua!

Ushuhuda wangu: nilikuwa na miaka minane, shule ya Biblia ya likizo, baada ya juisi na biskuti. Mwalimu akauliza nani anamtaka Yesu moyoni. Dada yangu Imogene akanyoosha mkono, nami nikanyoosha. Mwisho. Tangu hapo natengeneza mashine za kukatia majani.

Jioni nikamuuliza Imogene kama anakumbuka dhambi yangu yoyote kubwa. Tunaishi nyumba moja tangu mke wangu Lorraine afariki, na kumbukumbu anayo. Alifikiri muda mrefu, anamenya njegere. Akasema niliwahi kuvunja taa nikakana. Kisha akakumbuka kwamba taa aliivunja paka.

Jumatano, 8 Mei

Mazoezi ya vikaragosi baada ya chakula cha jioni kanisani. Nilifika wa kwanza, nimejipulizia manukato. Nadine akanikabidhi kondoo, mwenyewe akashika mchungaji wa kondoo. Kazi yenyewe ni hii: mnapiga magoti nyuma ya pazia, mnainua mkono, na mkono haushuki mpaka wimbo uishe. Bega kwa bega! Ubeti wa kwanza nilikuwa mbinguni. Ubeti wa pili mkono ukaingia ganzi. Wa tatu kondoo akamlalia mchungaji wake, nami nikamfuata, na pazia likatufuata sote.

Watoto walishangilia, wakataka turudie. Nadine alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema tangu mumewe Carlton afe hajacheka hivyo. Kisha akanitoa nyuzi za pazia begani, moja moja, bila haraka.

Pale mlangoni Dewey akanitania, eti kondoo wangu anahitaji daktari wa mifugo. Nilikaa garini dakika kumi bila kuwasha injini. Tangu Lorraine aondoke hakuna aliyenigusa bega, ukiacha kinyozi.

Jumamosi, 11 Mei

Mbinu mpya: kuonyesha bidii. Timu inachanjwa kidogo kidogo. Mimi nikaenda zahanati nikasema nichomwe zote leo. Muuguzi akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia niko tayari kuteseka kwa ajili ya Injili, na nikasema kwa sauti, maana binamu yake Nadine yuko pale mapokezi.

Saa nane mchana homa. Saa kumi nikaanza kumwita Imogene mama. Jioni Nadine akasikia, akaniletea bakuli la kuku na maandazi ya kuchemsha. Lo! Isipokuwa hakuja mwenyewe. Alimtuma Dewey, anapita njia hiyo. Bakuli lilifika nusu. Dewey akasema limemwagika garini. Huku anapangusa kidevu.

Jumapili, 19 Mei

Ee Mungu wangu. Nimefanya nini?

Nilipanga kusema kwamba ujanani niliwahi kuonja bia. Moja tu. Hata hiyo si kweli, lakini ni bia moja, itamdhuru nani? Basi Dewey akatangulia. Lori, selo, mvua. Akakunja mkono wa shati, nyoka huyo nje. Akina mama wakatoa leso. Nikaona kiti changu kinapaa kwenda zake Guatemala.

Nikapanda mimbarini. Nikasema kulikuwa na chupa. Mzee mmoja nyuma akasema amina. Ile amina ilinisukuma mgongoni jamani! Nikaongeza chupa ya pili. Amina mbili. Wilaya yetu haina duka hata moja la pombe, kwa hiyo nikasema nilikuwa navuka mpaka kila Ijumaa. Miaka kumi na moja! Nikacheza kamari kwenye kasino za Biloxi. Nikalala mtaroni. Nikauza pete ya mama yetu. Hapo nikamwona Imogene, benchi la tatu, anaitazama pete ya mama kidoleni mwake.

Lakini watu walikuwa wanalia. Mchungaji analia. Dewey mwenyewe analia, akaja kunikumbatia, akasema mbele ya wote kwamba kiti ni changu, yeye hawezi kushindana na neema ya namna hiyo. Nimepata! Nadine pekee ndiye asiyekuja kunishika mkono. Aliketi, anatazama sakafu. Nadhani aliguswa mno.

Imogene hajanisemesha. Nimekula mkate wa mahindi wa jana.

Jumatatu, 20 Mei

Nadine kaja karakana. Peke yake! Nikafuta kiti kwa shati langu. Akakaa. Akasema kuna jambo kanisa zima halijui. Carlton alikuwa mlevi. Miaka ishirini. Nadine alikuwa akimficha funguo za gari ndani ya unga. Siku alipomzika aliahidi mbele za Mungu kwamba moyo wake hatauweka tena karibu na mwanamume wa chupa, hata aliyeacha.

Kisha akasema hili, na naliandika kama alivyolisema. Alisema, "Tangu siku ile ya pazia, Hoyt, nilikuwa nimeanza kukuwaza. Nilijiambia, huyu hapa mtu mmoja asiye na makuu."

Akanishika mkono. Akasema hata hivyo atanipenda katika Bwana. Katika Bwana! Hapa kwetu hata mtoza kodi anapendwa katika Bwana.

Alipoondoka niliendelea kukaza bolti moja mpaka ikakatika. Nilikuwa naye tayari. Kwa kuanguka na kondoo tu nilikuwa naye tayari! Nimeumia, sitaki kudanganya.

Jumatano, 22 Mei

Mambo yamezidi. Wakuu wa misheni wana kanuni: aliyewahi kuwa mlevi lazima ndugu yake athibitishe ameacha tangu lini. Mchungaji kamwita Imogene. Nikafurahi. Imogene hajawahi kusema uongo, basi yeye atasema kweli, lawama nitabeba, Nadine atajua mimi ni mwongo tu, si mlevi. Mwongo anasameheka.

Imogene akasema kweli yote. Akasema kaka yake hajaonja kitu, hata dawa ya kikohozi huisoma karatasi yake mara mbili kabla ya kumeza. Akavua pete akaiweka mezani. Mchungaji akampapasa mkono, akamwambia anaelewa, familia za walevi huficha hivyo hivyo kwa upendo, na hata pete iliyouzwa hununuliwa tena. Akampa kijitabu cha ndugu wa walevi.

Amerudi na kile kijitabu. Masufuria yamelia jikoni saa nzima. Akaniambia, "Miaka sitini na mitatu nimekaa katika kanisa lile, Hoyt, na leo nimeitwa mwongo kwa kusema kweli. Hongera."

Alhamisi, 23 Mei

Nimekwenda kwa Nadine kuungama. Nilijizoeza mbele ya mashine tatu. Alikuwa anamwagilia maua barazani. Nikavua kofia. Nikamwambia sijawahi kunywa. Hata tone. Nilizua yote kwa sababu nilitaka kwenda anakokwenda yeye.

Alinisikiliza mpaka mwisho, maji yanamwagika kwenye chungu kile kile cha maua mpaka kikafurika. Akasema Carlton alisimama pale pale, ngazi ya pili, kofia mkononi, akisema hajawahi kunywa hata tone. Tena mara nyingi. Macho yake yalijaa. Akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumapili, 26 Mei

Kiti kapewa Dewey. Mchungaji kasema timu inanipenda mno haiwezi kunipeleka mahali penye majaribu. Mimi nitabaki, nijiunge na Mduara wa Jumanne, kikundi cha wanaoacha pombe. Kanisa zima likasimama likanipigia makofi kwa ujasiri wangu. Sijawahi kupigiwa makofi hivyo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Dewey ndiye atakayeshika kondoo.

Jumamosi, 1 Juni

Wameondoka, saa kumi na moja alfajiri, uwanja wa kanisa. Wote kumi na wawili na fulana za rangi ya chungwa. Dewey amevaa kofia ya majani kama mtu anayekwenda kuwinda simba. Akanikumbatia, akasema atatuma picha.

Nilibeba sanduku la Nadine kutoka gari lake mpaka kwenye vani. Hatua kama arobaini. Nilitembea taratibu kadiri nilivyoweza, na yeye pia hakuharakisha. Akasema asante, begi ni zito. Nikasema si zito. Akapanda. Akashusha kioo. Nilikuwa na maneno ya miaka minne mdomoni. Nilitaka kumwambia kwamba kiti cha mbele yangu kwenye kwaya kikiwa kitupu siimbi, nafungua mdomo tu.

Nikamwambia afunge mkanda.

Vani ikakunja kona. Imogene akasema twende, mayai yatapoa. Nikamwambia anisubiri kidogo. Aliniacha nisimame. Baadaye akaja akasimama pembeni yangu, akaniambia niache ujinga. Akasema ninachotakiwa kufanya ni kuishi tu kama nilivyo, bila kuzua, mwaka mmoja, miwili, Nadine aone mwenyewe kwa macho yake. Eti mtu huonekana. Akasema hana la kuongeza.

Miaka miwili! Nina sitini na mmoja.

Jumanne, 4 Juni

Mduara. Viti saba, kahawa kali kama dawa ya kupe. Watu wa kweli, walioteseka kweli. Niliona haya. Zamu yangu ikafika, nikajaribu kusema kidogo iwezekanavyo. Mzee Odell, aliyekunywa miaka thelathini, akaniuliza nilikuwa napenda bia gani. Nikasema ile ya kahawia. Alinitazama muda mrefu sana. Kisha akanisogezea sahani ya keki.

Niliazimia kuondoka nisirudi tena. Hakika. Nilikuwa nimeshika kofia. Ndipo Odell akatusomea utaratibu. Yeyote atakayerudia chupa hafukuzwi. Hutembelewa nyumbani, kila jioni, siku arobaini. Anayemtembelea huketi naye mezani, wanashikana mikono, wanaomba, wanazungumza mpaka kahawa iishe. Nikauliza, kwa upole tu, kama mtu asiye na haja, nani hufanya hayo matembezi.

Ni Nadine Prewitt. Tangu Carlton afe ameichukua kazi hiyo, wala hajawahi kukosa jioni hata moja.

Jioni arobaini! Mikono! Guatemala ilikuwa siku kumi tu, tena pamoja na Dewey!

Anarudi tarehe kumi na moja. Nina wiki nzima ya kujiandaa. Kesho navuka mpaka wa wilaya nikanunue chupa moja, si ya kunywa, ya kumwagia shati. Imogene amesema chupa ikiingia mlango wa mbele yeye anatokea wa nyuma. Nimefanya mazoezi ya kuyumba kutoka jokofu hadi sebuleni, mara sita. Tatizo ni kwamba sijajua mlevi huanza na mguu gani. Nitamuuliza Odell.