Vita vya Mwalimu na Dhiraa Moja ya Waya

Sogeeni, enyi mnaojaza matangi kwa machozi, msikie habari za Mwalimu wa Jiografia, mpima milima, mjuzi wa mito, mmiliki wa gari la umeme lisilonguruma wala kufuka moshi, ambalo kwa siku tisa lilikuwa limelala uani kama sultani mgonjwa, asilimia nne ya uhai ikiwa imesalia kifuani mwake.

Kituo cha kuchajia kilikuwa mbali, na bei yake kali kama shubiri. Nayo nyumba ya Mwalimu ilikuwa ghorofa ya nne. Ndipo asubuhi ya Jumamosi mkewe, mlinzi wa hazina, akatoa hukumu juu ya vikombe vya chai: "Baba watoto, kwa bei za kituoni, heri lile la petroli tulilouza. Hili lisipopata umeme wa nyumbani leo, kesho nalitafutia mnunuzi."

Mwalimu akainuka, kifua mbele. "Ewe mke wangu! Leo umeme utateremka kutoka jikoni petu kama mto utokao kileleni!"

"Haya, teremsha. Ila usinizimie friji."

Akautwaa waya mnene, akaushusha dirishani. Ukapita ghorofa ya tatu, ukazipenya nguo zilizoanikwa ghorofa ya pili, majirani wakichungulia kama jeshi lililo ukutani. Lahaula! Ukakoma dhiraa moja tu kabla ya gari. Shujaa akashuka ngazi mbio, akauvuta, akaubembeleza, akautukana kistaarabu. Haukurefuka.

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini akatokeza kichwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Mwalimu, unavua samaki?"

Hapo moyo wake ukapigana vita vikali kuliko vyote, maana kwa miaka sita alikuwa akimpita mama huyu kwa kupunga mkono tu, na kuomba hakukuwa silaha yake. Akameza mate, akameza na fahari.

"Mama, nimeshindwa. Naomba umeme."

"Si ungepiga hodi tu? Soketi yangu ya pasi hii hapa dirishani. Nunua uniti zako, na Jumatatu unibebee majora yangu ya vitambaa."

Akaushusha waya wote, akauchomeka hapo. Taa ya kijani, ndogo kama punje ya mtama, ikawaka, na ghorofa nne zikapiga makofi.

Jioni mkewe akashuka mwenyewe, akaikodolea macho mita ya fundi. "Uniti kumi na tisa? Kwa safari za wiki nzima?" Akapiga hesabu kwa vidole, akarudia tena. "Petroli ingekula mara tatu yake. Haliuzwi."

Mwalimu akafungua kinywa atoe hotuba ya ushindi.

"Lete ufunguo," akasema mkewe. "Naendesha mimi."

Basi na iandikwe kwa wino usiofutika: jioni hiyo, mbele ya mashahidi wa madirisha yote, enzi ya petroli iliangushwa katika ua ule, Malkia akashika usukani, na Mwalimu, mshindi wa dhiraa moja, akaingizwa katika historia kwa mlango wa abiria.